Itongo na Wenyewe

Huku kwetu Mara tunalo neno itongo. Maana yake ni mahali palipokuwa na mji wa watu, kisha watu wakahama au wakafa, pakabaki mafiga, mti wa kivuli uliopandwa na mkono wa mtu, na udongo mweusi pale palipokuwa zizi. Kiswahili cha vitabuni husema mahame au ganjo. Mimi napendelea itongo, kwa sababu mahame hueleza tu kwamba watu wameondoka, ilhali itongo daima lina mwenyewe. Ukipita Manyamanyama na mtoto wa pale ukamwuliza hapa ni kwa nani, atakuambia ni itongo la fulani, hata kama huyo fulani alizikwa kabla baba wa mtoto hajazaliwa. Maboga huota yenyewe kwenye matongo, na ni matamu kuliko ya shambani, lakini mtu mwenye adabu haendi kuyachuma bila kuuliza.

Itongo mashuhuri kuliko yote katika mkoa wetu liko Butiama, na jina lake ni hilo hilo, Mwitongo. Bibi yangu mzaa mama alitoka upande huo, kwa hiyo nimepafahamu tangu utoto, kabla hapajawa mahali pa wageni wenye kamera. Ni kilima cha mawe makubwa yaliyopandana, pimbi wakiota jua juu yake, na karibu yake msitu wa Muhunda ambao wazee hawakuruhusu ukatwe kuni. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Mtemi Nyerere Burito. Yeye alikaa katika nyumba ya msonge, na wake zake, ambao husemwa walikuwa 22, walikuwa na nyumba zao kuzunguka zizi la ng'ombe. Mke wa tano aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe, naye ndiye aliyemzaa Kambarage mwaka 1922.

Ndugu msomaji, nimeanza na mji huo kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza swali moja la kijinga: mtemi ni nani? Nauliza kama mtu aliyelelewa katika nyumba ya mtumishi wa mtemi. Nitafika huko. Kwanza niseme habari za wakubwa.

Jina Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi. Burito alipozaliwa, yapata mwaka 1860, viwavi walikuwa wameivamia nchi, na mtoto akapewa jina la msiba ule kama ilivyo desturi yetu. Mtu aliyepewa jina la wadudu waharibifu akaja kuwa mtemi, na mwanawe akaja kulipeleka jina hilo Umoja wa Mataifa. Lakini jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba utemi wenyewe haukuwa mzee sana. Wazanaki wa zamani hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee wa rika, walikuwa na wajuzi wa mvua, na kila upande ulijitegemea. Burito aliwekwa kuwa chifu na Wajerumani mwaka 1915, wakati Wajerumani wenyewe wamebakiza muda mfupi wa kukaa nchini. Waingereza walipokuja wakamkuta, wakamwacha pale pale. Kabila dogo lile, moja katika makabila zaidi ya 120 ya Tanganyika, lilikuwa limegawanywa chini ya machifu wanane. Wanane! Nchi ambayo mtu mwenye miguu mizuri angeweza kuizunguka kwa siku chache.

Sisemi hivyo kumdharau mzee yule. Yeyote aliyeshika cheo kile alishika kaa la moto. Juu yake kulikuwa na bwana wa boma la Musoma aliyetaka kodi kwa tarehe, na chini yake watu waliomjua tangu akiwa mchunga ndama. Nasema tu kwamba watu wengi wakisikia neno mtemi hudhani ni kitu kilichoshuka pamoja na mvua ya kwanza.

Hata hivyo, kwa jirani zetu Waikizu jambo linafanana kidogo na hivyo. Huko husimuliwa habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, Usukumani, akaja na elimu ya mvua. Alimkuta mwenyeji wa kiume aliyekuwa na moto. Wakashindana, mvua ya mwanamke ikauzima moto wa mwanamume, na tangu hapo utemi ukawa wa mvua, na watemi wa mwanzo wakawa wanawake. Ukiusimama ule mlima Chamuriho, ambao umepewa jina la Muriho, mzee mwingine wa mwanzo wa Waikizu, ukayaona mawingu yanavyokwama kileleni, unaelewa kwa nini watu wale walimheshimu mwenye mvua kuliko mwenye mkuki. Baadaye utemi uliingia mikononi mwa wanaume. Mzungu naye aliupenda uwe huko, maana hakuzoea kuandikiana barua za kodi na mwanamke. Mtemi wa Ikizu aliyejulikana sana siku za Waingereza alikuwa Mohamed Makongoro, mwanamume.

Na ukivuka maji kwenda Ukerewe unakuta namna ya tatu. Wale walikuwa na watemi wa ukoo mmoja kwa vizazi vingi, wenye ngoma, wenye masimulizi yaliyopangwa, na pale Bukindo lipo jumba la mtemi la kuta nene ambalo hata leo ukilitazama unasema naam, hapa alikaa mwenye nchi. Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alikuwa mtu wa ukoo huo. Kwa hiyo katika nchi ndogo hii, kutoka Bunda hadi ziwani na kurudi Butiama, ulikuwako utemi wa damu, utemi wa mvua, na utemi wa karatasi. Mwingereza alipofika aliitazama yote mitatu, akaiita kwa jina moja, akaiandikia mshahara.

Sasa nisafiri kidogo kwenda kwa huyo Mwingereza, maana si haki kumtaja mtu bila kufika kwake.

Nilipokuwa mwalimu wa historia nilifundisha ukabaila wa Ulaya miaka mingi kwa chaki na ubao, nikichora mraba: hapa jumba la bwana, hapa kanisa, hapa vibanda vya wakulima, hapa mashamba yaliyokatwa vipande vyembamba kama kanga zilizoanikwa. Wanafunzi walinakili. Mimi mwenyewe sikuuamini sana mraba ule mpaka nilipopata kusoma habari za kijiji kimoja cha Yorkshire kiitwacho Wharram Percy. Kijiji hicho ni itongo. Sina neno lingine. Nyumba zimekwisha, yamebaki matuta ya nyasi yanayoonyesha kuta zilipopita, na kanisa la Mtakatifu Martin lisilo na paa. Wataalamu walikichimba kila kiangazi kwa miaka 40, kuanzia 1950 hadi 1990, wakiongozwa na Maurice Beresford na John Hurst. Miaka 40 kwa itongo moja! Sisi yetu tunayachimba mchanga wa kufyatulia matofali.

Mahali hapo pametajwa katika kitabu cha mwaka 1086, ambacho William, mfalme aliyeivamia Uingereza kutoka Ufaransa, aliamuru kiandikwe. Makarani wake walizunguka nchi yake mpya wakiuliza, shamba hili la nani, lilikuwa la nani kabla, lina majembe mangapi ya ng'ombe, linazaa kiasi gani. Waliandika habari za mahali zaidi ya 13,000. Wananchi wakakipa jina la Siku ya Hukumu, kwa sababu kilichoandikwa humo hakikuwa na rufaa. Kisha wakaja akina Percy wakawa mabwana wa Wharram hata kijiji kikachukua jina lao. Mkulima wa pale aliishi kwenye ardhi ya bwana, akamlimia siku kadhaa za juma, na alipokufa bwana alikuwa na haki ya kuchukua mnyama aliye bora katika zizi la marehemu. Fikiri mjane anatazama ng'ombe wa maziwa akiswagwa siku ya matanga. Baada ya akina Percy milki ikawa ya ukoo wa Hilton. Tauni kuu ya karne ya 14 ilikuwa imekwisha kupunguza watu wa nchi ile, bei ya sufu ikawa nzuri, na yapata mwaka 1500 familia za mwisho, ambazo husemwa zilikuwa nne, zikaondolewa ili kondoo wapate malisho.

Kwa hiyo mabwana watatu au wanne walipita juu ya kijiji kile, na wa mwisho hakuhitaji watu tena. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Sisi tumezoea kudhani kwamba mtawala lazima awe na watu wa kutawala. Kumbe yupo mtawala ambaye kwake watu ni uchafu juu ya ardhi.

Huko kwao mfumo ule ulikufa polepole sana, kama jongoo aliyekanyagwa. Umiliki wa shamba kwa hisani ya bwana, ulioandikwa katika daftari la baraza lake, ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1922, nayo ikaanza kutumika Januari 1, 1926. Angalia tarehe hiyo. Mwaka huo huo wa 1926, hapa Tanganyika, Gavana Donald Cameron alipitisha sheria yake ya serikali za wenyeji, iliyompa chifu baraza, hazina, askari tarishi na mamlaka ya kuamuru watu. Sitaki kusema walitutupia nguo kuukuu zao, maana mambo hayakuwa mepesi hivyo, na Cameron mwenyewe alidhani anatulinda dhidi ya walowezi wa aina ya Kenya. Lakini tarehe zimekaa pamoja vizuri mno kwa mwalimu wa historia kuzipita kimya. Hata leo, huko Uingereza, cheo cha ubwana wa milki hizo za kale huuzwa mnadani; tajiri hununua jina tu, bila shamba, akalitundika ukutani.

Hapo ndipo anapoingia babu yangu.

Babu hakuwa mtemi. Alikuwa mwanangwa, yaani macho na mikono ya mtemi katika kijiji, kwa upande wetu wa Manyamanyama. Kazi yake ilikuwa kuhesabu nyumba kwa ajili ya kodi, kukusanya watu wa kazi za barabara, kusuluhisha ugomvi wa mipaka, na kupeleka kwa mtemi kesi alizoshindwa. Alikuwa na kofia nyekundu, baiskeli, na koti ambalo alilivaa hata jua likiwaka. Alikuwa mkarimu sana kwetu sisi wajukuu. Nyumbani kwake hapakukosekana maziwa. Alipofariki, msiba wake ulijaza watu hata barabarani, na baba alituambia, "Mnaona watu walivyompenda." Mimi niliona watu wengi. Kama walimpenda sikuweza kujua, maana nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Mji wake ulibaki. Baba aliukalia, akapanda miembe, akajenga nyumba ya bati. Wakati wa kuhamia vijijini, miaka ya 1970, sisi hatukuhama kwa sababu vijiji vilipangwa kutufuata sisi. Wengine walibeba milango yao kichwani.

Katika sanduku la bati la babu mlikuwa na daftari lenye jalada la kitambaa cheusi. Nililichukua baba alipofariki, kwa kuwa ndugu zangu waligombea baiskeli na mimi nikagombea karatasi. Humo babu, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, aliandika majina ya wenye miji wote wa eneo lake, idadi ya nyumba za kila mmoja, na mbele yake neno moja: amelipa, au bado, au barabara. Ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka. Neno barabara lilikuwa na maana ya mtu aliyekosa fedha ya kodi akapelekwa kuilipa kwa jembe na sururu. Hicho ndicho kitabu chetu cha Siku ya Hukumu, nikasema kwa mzaha, na nikakifunga.

Ya Butiama nayo hayakusimama. Burito alikufa mwaka 1942, na utemi ukaenda kwa mwanawe Wanzagi. Mwana mwingine, Kambarage, alikuwa Tabora shuleni, shule ambayo ilianzishwa ikiwalenga hasa watoto wa machifu. Mwaka uliofuata alibatizwa, akawa Julius, akaenda Makerere, na kuanzia 1949 hadi 1952 akawa Edinburgh. Wachache hukumbuka kwamba miongoni mwa masomo aliyochukua huko yalikuwamo historia ya Uingereza na historia ya uchumi. Kwa hiyo alikaa katika baridi ile akisoma habari za mabwana na wakulima wao, mwana wa chifu wa karatasi, ndugu wa chifu aliye madarakani. Ningetoa mengi kujua aliwaza nini siku alipofika kwenye sura hiyo.

Alichofanya baadaye tunakijua. Mwaka 1962 aliandika katika kijitabu chake cha Ujamaa kwamba kumiliki ardhi kama bidhaa ni desturi ya kigeni, na mwaka 1963 serikali yake ikafanya mambo mawili kwa pamoja: ikafuta machifu, na ikaugeuza umiliki wa ardhi wa milele kuwa wa kupangishwa na serikali. Mwaka huo huo ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, mchezo unaohusu watu waliomuua mtawala wakadhani wameua utawala. Labda ni bahati tu. Wanzagi, kaka yake, alivuliwa utemi kwa sheria ya mdogo wake. Wengine waliokuwa machifu au wa koo zao walipata njia nyingine: Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge, Michael Lukumbuzya wa Ukerewe akawa balozi, Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri akajiuzulu mwaka huo. Wanangwa hawakupata ubalozi. Babu alirudisha kofia na akaendelea kuitwa mwanangwa na kila mtu mpaka alipokufa.

Mwalimu mwenyewe alirudi Mwitongo alipostaafu mwaka 1985, akalima. Chama kilikuwa kimemjengea nyumba pale, na Jeshi likamjengea nyingine kubwa zaidi ambayo aliikalia siku chache tu kabla hajapelekwa London, alikofariki Oktoba 14, 1999. Amezikwa Mwitongo, karibu na baba yake na mama yake, Mgaya, aliyetangulia mwaka 1997 akiwa na miaka ipatayo 105. Aliyefuta utemi amelala katika mji wa mtemi. Sioni kasoro hapo. Mtu huzikwa kwao.

Sasa niseme la kwetu, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika.

Mwaka 2016 mji wa Bunda ulikuwa umekwisha kuifikia Manyamanyama, na wapimaji wakaja kugawa ardhi yetu katika viwanja. Ukoo ulifurahi. Itongo la babu pamoja na shamba lake lingetoa viwanja vingi, na baadhi ya vijana walikuwa wamekwisha kupata wanunuzi. Ndipo akaja mama mmoja mzee, jirani yetu wa siku zote, ambaye mimi humwita shangazi kwa kuwa alikuwa rika moja na dada za baba yangu. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye mzizi wa mwembe, akakataa kiti.

"Shikamoo shangazi," nikamwamkia.

"Marahaba baba. Nimesikia mnapima."

"Ndiyo, shangazi."

"Kile kipande cha kutoka minyaa mpaka kwenye lile jiwe, kabla hamjakipima, nataka niseme neno. Kilikuwa cha baba yangu."

Alieleza bila kupandisha sauti. Baba yake alikosa kodi, akapelekwa barabarani. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, habari hizi alipewa na mama yake. Baba aliporudi alikuta minyaa ya mpaka imehamishwa, na kipande kimelimwa na watu wa mwanangwa. Akaenda kushtaki mpaka. Na kesi za mipaka zilisikilizwa na nani? Na mwanangwa. "Basi baba akanyamaza," alisema. "Alituambia tukinyamaza tutaachiwa kilichobaki. Tukaachiwa."

Kiliitishwa kikao cha ukoo. Binamu yangu anayefanya kazi za sheria Mwanza alikuja na hoja safi. Sheria ya ukomo ya mwaka 1971, alisema, inampa mtu miaka 12 kudai ardhi, na hapa imepita zaidi ya miaka 70. Tena ardhi yote nchini, kwa sheria za mwaka 1999, iko chini ya Rais kama mdhamini, kwa hiyo hapakuwahi kuwa na "ya baba yangu" kwa maana anayoitaka yule mama. Alisema kweli katika yote mawili. Nilitaka kumwambia kwamba Uingereza nako ardhi yote hushikwa kwa hisani ya mfalme, na jambo hilo halikuwasaidia watu wa Wharram, lakini haikuwa mahali pake. Baba mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, alisema jambo zito zaidi: "Mkimpa huyu, kesho watakuja kumi. Mwanangwa alikuwa na majirani wengi."

Hapo nikaingia ndani nikalitoa daftari.

Sikuwa nimelitazama kwa jambo hilo kabla ya siku zile. Nilikuwa nimelitafuta usiku uliotangulia, kwa taa ya simu, nikijua jina ninalolitafuta, na nisingependa kulikuta. Lilikuwapo, mwaka 1941. Nyumba mbili. Barabara. Na pembeni, kwa penseli, babu alikuwa ameandika maneno manne ambayo sikuwahi kuyaona mbele ya jina lingine lolote: shamba limelimwa na sisi. Kwa nini aliandika, sijapata jibu linaloniridhisha. Mtu anayeiba haandiki. Mtu anayeazima huandika, lakini hurudisha. Binamu yangu alisema labda ilikuwa ili asisahau kulipa ushuru wake. Shangazi yangu wa damu, dada wa mwisho wa baba, alisema babu hakuweza kulala bila kuandika mambo ya siku, na kwamba hakuandika kwa ajili ya mtu yeyote.

Nilisoma maneno hayo mbele ya kikao, mara moja. Vijana waliokuwa na wanunuzi walinikasirikia, na mmoja wao hajanisalimu vizuri tangu siku ile. Alisema ningeweza kulichoma daftari na kila mtu angebaki na amani. Ni kweli pia kwamba ningeweza.

Baba mkubwa alikaa kimya muda mrefu, akalitaka daftari, akalishika ingawa macho yake hayasomi tena. Akauliza, "Ni mwandiko wake?" Nikamwambia ni wake. Akasema basi kipande kiende.

Ikabaki kwa nani. Watoto wa kaka wa yule mama walikuja upesi, wakisema ardhi ya ukoo wao haiwezi kuandikwa jina la mwanamke aliyeolewa kwingine na kurudi. Hapo nilishindwa kujizuia, nikawaambia habari za Nyakinywa na mvua yake, nao wakanitazama kama watu wanavyomtazama mwalimu mstaafu. Kilichowanyamazisha hakikuwa Nyakinywa. Binamu yangu yule yule wa Mwanza, ambaye alikuwa ameshindwa katika hoja yake, aliwafungulia sheria za 1999 akawaonyesha mahali zinaposema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Alizisoma kwa ukali wa mtu ambaye siku hiyo lazima ashinde kitu.

Wapimaji walisimika mawe yao mwezi uliofuata. Moja liko kwenye jiwe la zamani, jingine liko mahali minyaa ilipokuwa kabla ya mwaka 1941, kwa kadiri mama yule alivyoweza kutuonyesha kwa fimbo yake. Kipande kilitoa viwanja viwili. Kimoja alikiuza kwa ajili ya matibabu ya macho. Kingine amepanda maboga.